Presha kwa aliyepona lukemia utotoni: mwongozo kamili wa kuipima, kuisoma na kuishusha

Faili la mtoto aliyetibiwa lukemia, yaani saratani ya damu, huwa nene. Miaka miwili au mitatu ya dripu, sindano za uti wa mgongo na vipimo vya damu visivyoisha, yote yamo humo. Siku anapomeza kidonge cha mwisho familia inashusha pumzi, faili linapandishwa juu ya kabati, na swali linalobaki kichwani ni moja tu: je, saratani itarudi? Ni swali la haki. Lakini kadiri miaka inavyosonga, hofu hiyo hupungua huku mambo mengine yakikua kimyakimya: moyo, figo, mishipa ya damu. Katika hayo yote, presha ndiyo unayoweza kuipima mwenyewe ukiwa umekaa nyumbani, na ndiyo inayobadilika ukiishughulikia.

Mwaka 2017 watafiti wa hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 3,016 waliopona saratani mbalimbali za utotoni. Presha ya kupanda ilikuwa mara 2.6 ya ile iliyotarajiwa kwa watu wa rika lao. Kufikia umri wa miaka 30 waliokuwa nayo walikuwa 13%, kufikia 40 wakawa 37%, na kufikia 50 wakapita 70%. Hao hawakuwa wa lukemia peke yake, kwa hiyo usizigeuze namba hizo kuwa utabiri wa mwanao. Kinachonivuta mimi ni kwamba uzito mkubwa ulijitokeza wazi miongoni mwa mambo yaliyoambatana na presha hiyo, na uzito mtu anaweza kupambana nao.

Kuna sababu nyingine ya kutoichezea presha. Dawa za kundi la anthrasaiklini, zinazotumika sana kwa lukemia, huweza kuiacha misuli ya moyo ikiwa na akiba ndogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2013 uliwaangalia waliopewa dawa hizo kisha wakapata presha, na hatari yao ya moyo kushindwa kufanya kazi ilikuwa kubwa kuliko ukizijumlisha hatari hizo mbili kila moja kivyake. Dawa iliyokwishaingia mwilini haitoki. Presha inashuka.

Hatua ya 1: Lishushe faili juu ya kabati

Usianze na mashine, anza na karatasi. Aliyepona lukemia hafanani na mwenzake, na tofauti yao imeandikwa humo.

Tafuta kwanza dawa ambazo majina yake kwenye karatasi yanaishia na -rubicin, yaani doksorubisini na daunorubisini. Unachotaka ni jumla ya dozi yote, kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya mwili (mg/m²). Miongozo mingi ya kimataifa huhesabu 250 na kuendelea kuwa hatari kubwa kwa moyo, 100 hadi chini ya 250 kuwa hatari ya kati, na chini ya 100 kuwa hatari ndogo. Kama faili limepotea, muulize aliyekuwa akikaa kando ya kitanda. Dawa hizi ni nyekundu, na mama anayekumbuka dripu nyekundu, kisha mkojo wenye rangi ya chungwa au wekundu siku hiyo hiyo, ameshakupa jibu la nusu. Dozi hataijua, lakini daktari atajua pa kuanzia.

Halafu tafuta mionzi. Hapa umri wa aliyepona unasema mengi. Miaka ya 1960 Donald Pinkel na wenzake pale St. Jude waliona kwamba lukemia hujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, wakaanza kuwapiga watoto mionzi ya kichwa ili kuiwahi huko. Kwa mara ya kwanza karibu nusu ya watoto wakapona. Leo walio wengi hawapigwi mionzi hiyo, kwani dawa zinazoingizwa kupitia uti wa mgongo zimeshika nafasi yake. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 aliyepona lukemia na kijana wa miaka 15 huenda walitibiwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Mionzi ya kichwa huweza kuidhoofisha tezi inayotoa homoni ya ukuaji. Mtu akabaki mfupi, mafuta yakamkaa tumboni, na presha ikafuata.

Angalia pia kama alipandikizwa uboho, hasa kama kabla yake alipigwa mionzi ya mwili mzima. Waliopandikizwa mara nyingi hupewa siklosporini au takrolimasi, ambazo zenyewe hupandisha presha na kuzisumbua figo. Kuhusu figo, andika kila kilichowahi kuzigusa: methotreksati ya dozi kubwa, dawa ya fangasi ya amfoterisini B, antibayotiki kama gentamisini, amikasini na vankomisini. Mwisho, je, presha iliwahi kupanda wakati wa matibabu? Je, alipata degedege? Miezi ya mwanzo yenye prednisoloni au deksamethasoni, dawa za kundi la steroidi, ndipo hayo hutokea zaidi.

Yote haya yaingie kwenye ukurasa mmoja. Ukienda hospitali kuomba muhtasari wa matibabu, nenda mapema, maana kumbukumbu za hospitali hazitunzwi milele.

Hatua ya 2: Mashine, na hasa mkanda wake

Nunua mashine ya kupima mkono wa juu, si ya kiganjani, iliyothibitishwa kwa usahihi. Ukishafika hapo, sahau urembo wa mashine, uangalie mkanda. Makosa mengi ya presha ninayoyajua yanaanzia kwenye mkanda.

Chukua mvulana wa miaka 15 aliyemaliza matibabu miaka minne iliyopita. Steroidi zilimwachia hamu ya kula ambayo haijamtoka vizuri, na mikono yake imejaa. Amefika kliniki kwa haraka, amekalishwa juu ya kitanda cha uchunguzi miguu ikining'inia, na anafungwa mkanda uliokuwepo mezani huku akiulizwa maswali ya shule. Mashine inasoma 141/87. Mama anashika kichwa. Sasa mhamishie kwenye kiti chenye mgongo, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza. Mwache akae kimya dakika tano. Mfunge mkanda mkubwa unaolingana na mkono wake. Mashine inasoma 124/78. Mtoto ni yule yule, na robo saa haijapita. Mkanda mdogo hupandisha namba, na mkanda uliozidi ukubwa huishusha. Hata hivyo usishangilie sana hiyo 124, tutairudia.

Ili kujua mkanda wako, pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya mfupa wa bega na kiwiko, kisha ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke 80% hadi 100% ya mkono, na upana wake usipungue 40% ya mzunguko huo. Mtoto anakua, kwa hiyo mpime mkono upya kila baada ya miezi kadhaa.

Hatua ya 3: Wiki moja ya kupima

Namba moja haina maana kubwa. Unachohitaji ni wastani.

Pima asubuhi kabla ya chakula na dawa za presha, kisha jioni, kwa siku 7. Kila mara soma mara mbili ukiacha dakika moja katikati. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Aende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha. Mkono uwe wazi, si juu ya sweta, na mkanda uwe usawa wa moyo. Miguu isipandane. Na asiongee! Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa mtoto na kwa bibi yake aliyekuja kushuhudia. Mwishoni tupa namba za siku ya kwanza, halafu chukua wastani wa zilizobaki.

Kwa mtoto hutumika mkono wa kulia, kwa sababu jedwali za watoto zilitengenezwa hivyo. Namba ya mtoto anayelia usiiandike. Kama bado ana mrija wa dawa ulioingilia mkononi, mkono huo usifungwe mkanda. Na mtoto ambaye chembe sahani zake (zile zinazogandisha damu) ziko chini anaweza kubaki na vidoa vidogo vyekundu pale mkanda ulipobana. Mwambie muuguzi mapema.

Wapo ambao presha zao hupanda wakimwona daktari na kushuka nyumbani. Wapo pia wa kinyume chake, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi: kliniki wanaonekana salama, kumbe usiku na wakiwa shuleni au kazini presha iko juu. Njia ya kuwabaini ni kuvaa kipimo cha saa 24 kinachojipima chenyewe mchana na usiku. Kama alipandikizwa uboho au ana tatizo la figo, kiulizie hata kama namba za kliniki zinapendeza.

Hatua ya 4: Kuisoma namba

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 hakuna namba moja ya wote. Daktari hufungua jedwali lenye umri, jinsia na urefu, na presha huhesabiwa kuwa imepanda ikiwa imefika ile inayozidi watoto 95 kati ya 100 wanaofanana naye, kwa siku tatu tofauti. Zingatia neno urefu. Waliopona lukemia wengine wamebaki wafupi kuliko rika lao, na kwa mtoto mfupi mpaka wa presha uko chini zaidi. Anayetumia umri peke yake anaweza kumwambia mzazi kwamba kila kitu kiko sawa, na kumbe hakiko. Kila anapopimwa presha, apimwe na urefu.

Kuanzia miaka 13 mambo ni mepesi kidogo. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017 unaweka hivi: chini ya 120/80 ni kawaida, namba ya juu kati ya 120 na 129, ya chini ikiwa haijafika 80, presha imeanza kunyanyuka, kuanzia 130/80 ni presha ya daraja la kwanza, kuanzia 140/90 ni daraja la pili. Mvulana wetu wa 124/78 si mgonjwa wa presha. Lakini kwa mtu mwenye dripu nyekundu katika historia yake, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwa watu wazima nchi nyingi hutumia 140/90 kliniki, sawa na 135/85 ukijipimia nyumbani. Wamarekani hutumia 130/80. Maoni yangu: kwa aliyepewa anthrasaiklini, kusubiri 140 ni kuchelewa. Ikishakaa juu ya 130/80 wiki nzima, mpelekee daktari karatasi yako ya namba mzungumze.

Kisha kuna namba zisizosubiri kesho. Mtoto aliye kwenye matibabu akipata kichwa kikali, macho kufifia, kuchanganyikiwa au degedege, nenda hospitali sasa hivi na useme neno presha mlangoni. Ubongo unaweza kuvimba kwa presha iliyopanda ghafla, na mara nyingi hurudi katika hali yake ikishughulikiwa mapema. Kwa kijana au mtu mzima, 180/120 yenye maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa ni dharura. Hata bila dalili, namba kama hiyo ikirudia baada ya dakika tano za utulivu inamhitaji daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kujua inatoka wapi

Presha ikithibitika, omba figo ziangaliwe kwanza: protini kwenye mkojo, kreatinini (taka inayochujwa na figo) na potasiamu kwenye damu, na ultrasaundi. Sukari, mafuta ya damu na tezi ya shingo hufuata. Mtu anayekoroma sana na kuamka amechoka achunguzwe usingizi wake, maana kukatika kwa pumzi usiku hupandisha presha ya mchana.

Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ni jambo tofauti. Wengi huniambia, "Lakini eko ilikuwa nzuri," kana kwamba ndiyo kipimo cha presha. Eko inaonyesha moyo unavyosukuma leo. Presha inaonyesha mzigo unaousukuma kila siku. Aliyepata 250 mg/m² au zaidi kwa kawaida hufanyiwa eko kila miaka 2, wa 100 hadi chini ya 250 kila miaka 5. Presha inapimwa angalau mara moja kwa mwaka, haijalishi eko imesema nini.

Hatua ya 6: Kuishusha kabla ya dawa

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichofurika, na kwa mtoto iwe chini ya hapo. Katika hesabu hiyo imo ile iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti, vya kopo na viungo vya unga, na mara nyingi hiyo ndiyo nyingi.

Uzito unataka upole. Mtoto aliyekuwa kwenye deksamethasoni aliamka saa nane usiku akilia njaa, na mzazi aliyempa chakula hakukosea. Ila mwili umezoea, na familia nzima imezoea kumfurahisha kwa sahani. Usimwekee yeye peke yake chakula cha adhabu. Badilisha chakula cha nyumba. Vinywaji vyenye sukari viondoke kwanza, kwa sababu hapo ndipo unapata matokeo ya haraka kwa ugomvi mdogo.

Mazoezi ni dakika 60 kila siku kwa mtoto, na angalau dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima. Hapa ushauri wa jumla huwaangusha waliopona lukemia. Vinkristini, dawa nyingine ya lukemia, huweza kuacha ganzi na udhaifu wa miguu, nyayo zikaburuta. Steroidi huweza kuua sehemu ya mfupa wa nyonga au goti. Kijana anayekataa kukimbia huenda si mvivu, anaumia. Muulize inauma wapi, apelekwe apigwe picha, na wakati huo aogelee au aendeshe baiskeli. Mwenye dozi kubwa ya anthrasaiklini aongee na daktari wa moyo kabla ya kuanza kunyanyua vyuma vizito, hasa kule kubana pumzi na kusukuma.

Sigara, hapana. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 7: Dawa

Dawa zikihitajika, kundi la enalaprili na lisinoprili hupendwa pale figo zinapovuja protini au moyo umeguswa. Damu hupimwa tena baada ya wiki moja au mbili kuangalia kreatinini na potasiamu. Zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Kikikera, losartani huchukua nafasi. Makundi yote mawili hayatumiki kwa mjamzito, kwa hiyo msichana aambiwe hilo waziwazi siku ya kwanza anayopewa. Amlodipini ni ya kawaida pia, na huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kwa aliye bado kwenye matibabu, baadhi ya dawa za fangasi huifanya amlodipini ikae nyingi mwilini kuliko kawaida, kwa hiyo anayeandika dawa moja aijue na ile nyingine.

Presha iliyopanda kwa sababu ya steroidi mara nyingi hushuka steroidi zikiisha, na daktari huondoa dawa. Hiyo ni tofauti na mtu mzima anayeona 118/74, akaamua amepona, akaacha vidonge. Namba hiyo imeletwa na vidonge.

Angalia na vitu vya kununua bila cheti. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha na kuzibana figo; baadhi ya vidonge vya mafua vinavyozibua pua hupandisha presha pia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vijadiliwe na daktari, apewe njia nyingine ikibidi. Anayepanga mimba na aliwahi kupewa anthrasaiklini afanye eko kabla, au mapema katika miezi mitatu ya kwanza, na awaambie wakunga historia yake bila kungoja kuulizwa.

Hatua ya 8: Kuhamia kliniki ya watu wazima

Hapa wengi hupotea. Kliniki ya watoto ilimjua kwa jina. Kliniki mpya inamwona kijana wa miaka 19 asiye na dalili, inamwambia presha ni ya wazee. Daktari mpya hana kosa sana, hajui alichopitia. Mpe karatasi, ukurasa mmoja, wenye maneno ya namna hii:

"Nilitibiwa lukemia nikiwa na miaka 6 hadi 8. Anthrasaiklini jumla 150 mg/m². Mionzi: sikupata. Kupandikizwa uboho: hapana. Nilipata degedege moja mwezi wa kwanza wa matibabu, presha ikiwa juu. Figo ziliguswa na gentamisini, kreatinini ya mwisho kawaida. Wastani wa presha yangu nyumbani, siku 6: 128/79, mkanda mkubwa. Eko ya mwisho: miaka minne iliyopita. Naomba presha na mkojo kila mwaka, na eko mwaka ujao."